Bahasha Ndani ya Bahasha

Sura ya Tano

Fanuel Makokha hakuwa na ofisi. Hakuwa na kitambulisho cha upelelezi, wala pingu, wala bastola, wala gari. Alipohitaji kwenda mahali alipanda metro kama mtu mwingine yeyote, na pale ambapo metro haikufika alimwomba Rama, dereva wa basi la walinzi, amshushe njiani. Hakuwa na kibali cha kufungua hata sanduku la mtu aliyelala kitanda cha juu yake. Hakuwa na mkubwa wa kumpigia simu akikwama, wala mdogo wa kumtuma. Enzi zile akiwa sajenti wa polisi wa jeshi kule Kenya vyote hivyo alikuwa navyo. Sasa alikuwa msimamizi wa zamu katika kampuni ya ulinzi mjini Dubai, na kilichobaki kwake ni ile tabia ya kutoamini jibu la kwanza. Kitu kingine alichokosa hakukijua mpaka Jumamosi jioni. Hakuwa na mikono safi.

Kesi yenyewe ilimfikia Alhamisi alasiri, mwezi wa Julai wa mwaka 2017, Bwana Jaafar alipomwita ofisini Al Qusais na kumwambia afunge mlango. Jaafar ndiye aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi. Wazazi wake walitoka Unguja, yeye alizaliwa na kukulia hukuhuku, na Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwao hasa, hakikuchanganywa na chochote. Alisukuma karatasi mbili juu ya meza.

Ya kwanza ilikuwa ukurasa uliochapwa kutoka kwenye tovuti ya mamlaka ya ushuru ya Kenya. Ilikuwa ritani, ile taarifa ya mapato ya kila mwaka, ya mwaka uliopita ya Zadock Ambundo, mstaafu wa jeshi, mlinzi wa kampuni hiyo. Pensheni yake ilikuwapo, na kodi aliyolipwa na wapangaji wa nyumba alizojenga kwao pia ilikuwapo. Chini yake palikuwa na nambari ya cheti cha msamaha wa ushuru, ule unaotolewa kwa watu wenye ulemavu. Karatasi ya pili ilikuwa na mistari michache iliyopigwa chapa: *Sikio lake la kushoto limekufa. Msimweke tena kwenye rampu ya malori. Mara ya kwanza mwanamke alipona. Mara ya pili hatapona.* Jina la mwandishi halikuwapo.

Jaafar alieleza kwa kifupi jambo ambalo Fanuel alilijua tayari. Kila mlinzi katika mji ule alikuwa na leseni, na hakuna aliyepewa leseni bila daktari kuandika kwamba anasikia kwa masikio yote mawili. Karatasi ile ikiwa ya kweli, Zadock angenyang'anywa leseni na kurudishwa kwao, na mlango usingefunguliwa tena. Ikiwa ya uongo, basi miongoni mwa walinzi kulikuwa na mtu anayeghushi nyaraka za serikali ili kumwangamiza mwenzake.

"Nambie mambo mawili tu," Jaafar alisema. "Hii kweli au si kweli. Na nani kaileta. Mtu wa kunletea miye barua haina jina leo, kesho atampelekea mteja. Huyo simtaki hapa, akiwa mkweli asiwe mkweli."

"Lini, bwana?"

"Jumapili asubuhi barua yako iwe hapa mezani. Wewe wenzako wanakwambia. Miye wakiniona wanasimama wima tu, hawasemi kitu."

Fanuel aliuliza karatasi zile zilikuja ndani ya nini. Jaafar akafungua mtoto wa meza akatoa bahasha mbili. Ya nje ilikuwa kubwa, ya kaki, haina alama yoyote ila jina la Jaafar. Ya ndani ilikuwa ndogo, imeandikwa SIRI juu na chini, na mdomo wake ulikuwa umebandikwa gundi kisha ukapitishiwa utepe mwembamba mpaka kwenye pembe. Fanuel aliingiza ndogo ndani ya kubwa, akaitoa, akaiingiza tena.

"Ni nini?" Jaafar aliuliza.

"Raia hafungi barua hivi, bwana. Raia anatia karatasi kwenye bahasha, analamba, basi. Hii ni ya jeshini. Barua ya siri inasafiri ndani ya bahasha mbili, ili tarishi asijue amebeba nini."

Wastaafu wa jeshi la Kenya katika kampuni ile walikuwa wanane. Wote walilala jengo moja, na Fanuel alikuwa mmoja wao.

*

Ijumaa alianzia kwa Damaris. Binti huyo wa Nakuru alifanya kazi katika duka la kupiga chapa nyaraka kule Al Twar, na kila ilipokaribia mwisho wa Juni ndiye aliyewajazia wastaafu ritani zao, maana mfumo ulikuwa umehamia kwenye kompyuta na wengi wao waliuogopa kuliko walivyowahi kuogopa bomu la kutegwa ardhini. Fanuel alimsubiri nje ya ukumbi ambako Wakenya walikodi mahali pa kuabudia. Ibada ilipokwisha watu wakamwagika uani, kila mmoja akitafuta kivuli cha ukuta, na Damaris akatoka akijipepea na karatasi ya nyimbo.

Alipoonyeshwa ule ukurasa hakubabaika. Alikubali kwamba ritani ile aliijaza yeye, mwaka huo na miaka miwili kabla yake. Cheti cha msamaha kilikuwa halali. Zadock alikileta mwenyewe, kina muhuri, kikiwa kwenye mfuko wa nailoni. Damaris alidhani kampuni inajua. Alipogundua kwa sura ya Fanuel kwamba kampuni haikujua, akaacha kujipepea.

"Afande, mimi sijatoa hii. Hebu nisikize. Nikianza kutoa siri za watu nani ataniletea kazi tena?"

"Nani mwingine angeweza kuifungua?"

Hapo Damaris akacheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kuonya akapuuzwa. Alisema watu wote wanane walipofungua akaunti zao, aliwauliza wachague neno la siri, na wote wanane walitoa nambari zao za jeshi. Aliwaambia wabadilishe. Wakamcheka, wakasema hiyo ndiyo nambari pekee mtu hawezi kuisahau hata akiamshwa usingizini.

"Na wewe ukiwa namba moja, afande. Sasa enda uangalie chini ya kitanda yako. Sanduku imeandikwa nini, na rangi nyeupe, kubwa hivi?"

Fanuel hakuhitaji kwenda kuangalia. Kila mmoja wao alikuwa amechora nambari yake kwenye sanduku la bati, kwenye ndoo na kwenye chupa ya chai, kama walivyofundishwa siku ya kwanza ya ukuruta. Kwa hiyo kila aliyeingia chumbani kufagia alikuwa na ufunguo wa mambo ya ushuru ya wanajeshi wanane wa Kenya. Alimshukuru Damaris. Akamwomba asimwambie mtu. Damaris akasema siri katika biashara hii ni yeye peke yake anayeitunza, akafungua mwavuli akaenda zake.

*

Swali la nani aliyefaidika lilimpeleka moja kwa moja kwa Boaz.

Boaz alikuwa koplo mstaafu, dereva wa magari mazito enzi za jeshi. Kitanda chake kilipakana na cha Zadock. Tangu mwaka uliopita alikuwa akiitaka posti ya rampu katika hoteli moja ya Al Barsha, mahali malori yaliposhushia mizigo. Posti ile ilikuwa na marupurupu, na Fanuel alikuwa amempa Zadock. Boaz hakulificha donge lake. Alilisema basini, alilisema foleni ya chakula, na mara moja alilisema mbele ya mteja.

Fanuel alifanya kosa lake mchana huo. Badala ya kumwita Boaz kando, alimuuliza mezani, watu wakila. Alifanya hivyo kwa makusudi. Katika polisi wa jeshi alijifunza kwamba mtu akiulizwa mbele ya wenzake, uso wake hujibu kabla ya mdomo. Aliuliza kama Boaz amewahi kufungua ritani ya Zadock, iliyofikishwa kwa Jaafar bila jina.

Uso wa Boaz ulijibu. Ulijibu vibaya sana.

"Niliifungua," alisema. "Juni ya mwaka jana. Mimi sikuwa nimewahi kujaza, afande, hata mara moja, tangu nitoke jeshini. Nilikuwa naogopa faini. Nikataka kuona mtu wa pensheni anajaza vipi, niige, nisimwonyeshe Damaris ujinga wangu."

"Ukaona nini?"

"Nikaona nilichoona."

"Sema."

"Nikaona ana msamaha wa ulemavu. Nikafunga. Sikumwambia mtu."

Zadock mwenyewe alikuwa ameketi mwisho wa meza, upande wa dirishani. Alikuwa akitazama sahani yake. Mtu mmoja alisukuma kiti nyuma, kisha mwingine. Wakati wa chai ya jioni hakuna aliyekaa karibu na Boaz, na usiku ndoo yake ilikutwa imemwagwa maji mlangoni. Fanuel aliona yote hayo na kuyachukua kama dalili kwamba kesi imeiva. Alitoa karatasi aanze kumwandikia Jaafar. Aliandika jina la Boaz, kisha kalamu ikasimama. Alikumbuka sentensi moja ya ile barua isiyo na jina.

*Mara ya kwanza mwanamke alipona.*

Mwanamke gani? Hakuna taarifa ya mwanamke yeyote iliyoletwa kwake, na taarifa zote za rampu zilipitia kwake. Aliichana ile karatasi, akalala.

*

Jumamosi asubuhi Rama alimshusha nyuma ya hoteli kule Al Barsha. Rampu ilikuwa mteremko wa saruji unaoingia chini ya jengo, na malori yaliushuka kinyumenyume, yakilia ile kengele ya kurudi nyuma. Mlinzi wa zamu, kijana wa Nepal, alisema hajasikia habari ya ajali. Msimamizi wa maghala alisema hakuna ajali. Mkubwa wa kitengo cha kufulia, mwanamama wa Kifilipino, alisema hakuna ajali, kisha akauliza kwa nini anauliza.

Fanuel hakuuliza tena. Alishuka mpaka mwisho wa rampu, akaanza kutazama vitu badala ya watu. Ukutani kulipangwa vitoroli vya nguo chafu, vile vya chuma vyenye mfuko wa turubai. Vyote vilifanana isipokuwa kimoja. Hicho ubavu wake ulikuwa umebonyea kwa ndani, ukanyooshwa kwa nyundo na mtu asiye fundi, na gurudumu moja lilikuwa jipya. Alichuchumaa akapima kwa kiganja urefu kutoka sakafuni mpaka penye mbonyeo, kisha akaenda kusimama nyuma ya lori lililokuwa likishusha mboga. Kiganja kilifika sawasawa kwenye bamba la nyuma.

Aliuliza kitoroli kile husukumwa na nani. Akaambiwa ni Kibibi, Mtanzania, wa Tanga.

Kibibi alikuwa mwembamba, kilemba cheupe cha kazi kichwani, mikono imetepeta kwa mvuke. Alimwamkia shikamoo, na Fanuel, ambaye kwao Butere salamu hiyo haikuwa ya kila siku, akachelewa kidogo kuitikia marahaba. Walisimama penye mlango wa dharura. Mwanzoni alisema kitoroli kiliteleza chenyewe kikagonga ukuta. Fanuel akamwambia kwamba ukuta hauna rangi ya bluu, na pale penye mbonyeo palikuwa na rangi ya bluu ya lori.

Kibibi akatazama nyuma yake kwanza.

"Baba, nikikwambia, utaniachisha kazi?"

"Sikuja kwa ajili yako."

Basi akasema. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Ramadhani. Wafanyakazi wa kufulia walikatazwa kupita kwenye rampu, lakini lifti ilikuwa imeharibika, na yeye alikuwa amefunga na amechoka. Alimwona mlinzi amesimama chini, akamwonyesha ishara ya mkono kuuliza kama njia ni salama. Mlinzi akampungia apite. Lori lilikuwa linarudi nyuma upande wa kushoto wa mlinzi, kengele inalia, na mlinzi hakugeuka.

"Nikajua ameliona. Kumbe hakuliona. Kengele ile, baba, hata mfu angeisikia. Yeye kimya. Niliruka, kitoroli kikabaki."

Dereva hakujua hata kama amegonga kitu. Hakukuwa na mtu mwingine. Kibibi hakusema kwa sababu angeulizwa alifuata nini pale, na mlinzi hakusema pia. Ila jioni ile alimfuata kwenye kituo cha basi la wafanyakazi.

"Akanishika mikono yote miwili. Mtu mzima, ana mvi kama wewe. Akaniomba radhi mpaka nikaona haya, watu wanatutazama. Nikamwambia khalas kaka, nimepona, nenda. Hakuenda. Alisimama pale mpaka basi letu likaondoka."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani? Nipo hapa kutafuta, sipo kutafutwa."

Fanuel alimuuliza kama anajua chochote kuhusu ushuru wa Kenya, au ritani, au cheti cha msamaha. Kibibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini, akasema kwao Tanga ushuru anaoujua ni wa sokoni. Fanuel akamshukuru. Alipokuwa akipanda rampu, alisimama katikati, akageuza uso upande wa kulia, na kusikiliza lori likirudi nyuma kushoto kwake. Sauti ile ilimjaa kichwa kizima.

*

Ndani ya metro, akielekea Al Qusais, alizipanga hoja zake kama alivyozoea.

Aliyeandika ile barua alijua mambo mawili. La kwanza ni cheti cha msamaha. Hilo lilijulikana na Damaris, na Boaz, na Zadock, na pengine na yeyote aliyesoma nambari kwenye sanduku. La pili ni mwanamke wa rampu. Hilo lilijulikana na Kibibi na Zadock, basi. Damaris hakujua habari za rampu. Kibibi hakujua habari za ushuru. Boaz wiki ya mwisho ya Ramadhani alikuwa likizoni kwao Vihiga, na Fanuel mwenyewe ndiye aliyetia sahihi likizo ile. Angelikumbuka hilo Ijumaa kama asingekuwa na haraka ya kuona uso wa mtu.

Halafu zile bahasha. Dereva wa magari mazito hajui kufunga barua ya siri, hajawahi kuifunga. Wanaojua ni wapokeaji, kama polisi wa jeshi, na wafungaji, yaani makarani wa masjala. Zadock alianza utumishi wake kwenye kikosi cha mizinga. Mzinga ulimpasukia karibu, akalazwa, na alipotoka hospitali hakurudishwa kwenye mizinga. Alipelekwa masjala, akafunga barua za siri mpaka siku ya kustaafu. Alikuwa ameisimulia hadithi hiyo mara nyingi, kwa mzaha, akisema aliondolewa kwenye kelele akapelekwa kwenye gundi. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini aliondolewa.

Katika majina yote, moja tu lilikuwa pande zote mbili.

*

Alimkuta Zadock chumbani, peke yake, akipiga pasi sare ya zamu ya jioni. Zadock alikuwa ameupa mlango bega la kushoto. Fanuel aliingia na viatu vyake, akasimama nyuma ya bega lile, karibu kabisa, akasema kwa sauti ya kawaida: "Zadock, basi limeahirishwa."

Pasi iliendelea kwenda na kurudi.

Akazunguka upande wa kulia, akarudia maneno yaleyale kwa sauti ileile. Zadock akashtuka, akainua pasi, akasema hajapata habari, kwa nini limeahirishwa. Kisha akaona uso wa Fanuel. Akachomoa waya ukutani, akaiweka pasi wima, akakaa kitandani.

"Umetoka Al Barsha," alisema.

"Nimetoka huko."

"Yule mama hajambo?"

"Hajambo. Anasukuma kitoroli chake."

Zadock alikubali yote bila kuombwa. Daktari wa leseni alisimama nyuma yake akanong'ona maneno, naye aliyashika kwa sikio la kulia akayarudia. Hakuna aliyeliziba lile sikio. Kule nyumbani daktari alipima kwa mashine na kuandika ukweli, na ukweli ule ukampa msamaha wa ushuru. Hakuiba kitu, alisema. Cheti ni cha haki. Lakini kila Juni, Damaris alipobonyeza kitufe cha kutuma, yeye alisimama pale na kujua kwamba kwa serikali moja ni kiziwi wa sikio moja, na kwa nyingine anasikia mpaka mchwa. Aliweza kuishi na hilo kwa sababu halikumuumiza mtu. Mpaka siku ya kitoroli.

"Ungekuja kwangu," Fanuel alisema.

"Nilikuja mlangoni kwako mara nyingi, afande. Nikifika mdomo unafunga. Nikasema basi, karatasi iseme. Ile ritani ndiyo karatasi pekee duniani inayosema ukweli juu yangu."

Kisha akaomba jambo moja. Aliomba barua ya Jaafar iseme kwamba mtumaji hajulikani. Akirudishwa Kenya ataweza kumwambia mkewe Serah kwamba adui alimchongea. Serah anaelewa maadui. Hatamwelewa mume aliyejifukuzisha kazi kwa hiari yake wakati mtoto wa mwisho yuko chuoni.

Fanuel alikwenda dirishani. Uani, penye mfereji, Boaz alikuwa amechuchumaa akila wali wake peke yake. Kivuli kilikuwa kimemwacha, jua la Julai linampiga kisogoni, na meza za ndani zilikuwa na nafasi tele.

"Mwangalie yule," alisema.

Zadock alisimama, akatazama, akarudi kukaa.

"Nikiandika kwamba hajulikani," Fanuel alisema, "anajulikana tayari. Ni yeye. Wamekwisha kumhukumu, na mimi ndiye niliyemshtaki, mezani, kwa ujuaji wangu. Jaafar naye ataambiwa kabla ya Jumatatu."

"Najua. Jana nilimwona anaulizwa nikanyamaza. Nilikula chakula chote, afande. Sijui nilikimezaje."

Halafu Fanuel akaketi kwenye kitanda cha pili, upande wa kulia wa Zadock, akasema jambo lake mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti. Kila asubuhi kwenye gwaride Zadock alisimama mwisho wa mstari, kushoto kabisa, ili watu wote wawe kuliani kwake. Basini alikaa dirisha la kushoto. Mezani alikaa kwenye kona. Msimamizi wa zamu ambaye aliwahi kuwa polisi wa jeshi alikuwa ameyaona hayo tangu mwaka wa kwanza, na hakuuliza, kwa sababu ni rafiki yake na jibu lingemlazimu kuchukua hatua. Kisha akampa posti ya rampu.

"Kwa hiyo tuko wawili," alisema. "Leta kalamu."

Aliandikia juu ya sanduku la bati la Zadock, penye nambari nyeupe. Aliandika polepole, hakufuta. Alipomaliza alimsomea Zadock, kuliani kwake, bila kupandisha sauti:

*Bwana Jaafar. Karatasi ni ya kweli. Ritani ni halali, na msamaha alipewa kwa haki. Zadock Ambundo hasikii kwa sikio la kushoto. Aliyekuletea habari hii ni Zadock Ambundo mwenyewe, baada ya mwanamke mmoja kunusurika kwenye rampu, naye alifanya hivyo akijua atapoteza kazi. Boaz hahusiki hata kidogo, nami nitalisema hilo kesho mbele ya gwaride zima, maana nilimtia doa mbele ya watu. Aliyempanga Zadock kwenye rampu ni mimi, nikiwa nimekwisha kuona dalili. Naomba lisipimwe kosa lake bila kupima langu. Chumba cha kamera kule Al Twar kina nafasi, na kazi yake ni ya macho. Kama sheria haitaki, basi haitaki. Wako, Fanuel Makokha, sajenti mstaafu.*

"Toa hiyo ya Al Twar," Zadock alisema. "Inaonekana kama tunaomba."

"Tunaomba."

Zadock alitikisa kichwa, lakini hakubisha tena. Aliuliza Serah ataambiwa nini. Nje, Rama alikuwa amewasha injini, na walinzi wa zamu ya jioni walikuwa wanashuka ngazi wakiitana. Rama ndiye aliyebeba mfuko wa barua za ofisi kila jioni, na hakumngoja mtu.

Fanuel alikunja karatasi, akaitia kwenye ile ndogo kati ya bahasha mbili alizokuja nazo. Alikuwa na gundi na utepe, lakini hakuvitumia. Alimsogezea Zadock vyote.

Zadock alitazama vile vitu. Kisha akajifuta vidole kwenye suruali, akapaka gundi kwenye mdomo wa bahasha, mstari mmoja mwembamba usiovuka pembe, akaukunja, akaubana kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda kando, kama mikono yake ilivyofanya miaka mingi. Akapitisha utepe. Fanuel akaweka sahihi yake juu ya kiungo, nusu kwenye mdomo na nusu kwenye mwili wa bahasha, na Zadock, baada ya kusita kidogo, akaweka yake pembeni. Wakaiingiza ndani ya ile kubwa ya kaki, wakaifunga nayo.

Walishuka pamoja, na kwenye ngazi Fanuel akamwambia asisimame kwenye rampu usiku huo, abadilishane na mlinzi wa mlango wa mbele. Boaz aliinua uso kutoka kwenye sahani yake walipopita penye mfereji, na Fanuel akamwambia asiondoke, anamrudia. Mlangoni mwa basi Rama alinyoosha mkono bila kutazama, akaipokea bahasha, akaipima uzito.

"Nzito, mkuu. Kuna nini?"

"Karatasi," alijibu Zadock, akapanda.

Rama akaitumbukiza mfukoni na barua nyingine, akafunga zipu. Zadock alitembea katikati ya viti, akalipita dirisha lake la kushoto, akakaa upande wa kulia, mahali ambapo mtu wa kushoto kwake angeweza kumwambia neno asilisikie, kisha amuulize kwa nini. Basi likaondoka.